Kutoka darasa la sheria hadi Arusha, Goma au The Hague: mwongozo kamili

Maombi yanayokwama hufanana. Barua imejaa shauku ya amani duniani, wasifu una vyeti kumi na vitano vya semina za siku moja, na pale penye sampuli ya maandishi pamebandikwa insha ya mwaka wa pili ikiwa bado na alama za mwalimu. Huenda mwombaji anaijua sheria vizuri. Ila kwenye karatasi hakuna kinachoonyesha kwamba amewahi kuifanyia kazi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa LLB wa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao, kuanzia mwaka wa pili. Bila haraka, unachukua miaka minne hivi. Ukiwa umeshahitimu, anza na hatua ya 3 kisha urudi nyuma kuziba mapengo.

## Andaa hivi kwanza

- Matini za sheria, zote bure mtandaoni: Hati ya Mahakama ya Haki ya Kimataifa (hasa ibara ya 38), Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba wa 1969, Mikataba minne ya Geneva ya 1949 na Itifaki zake mbili za 1977, Mkataba wa Roma wa 1998 ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, Mkataba wa OAU wa Wakimbizi wa 1969, na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999.
- Daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba. Si la kukopia nukuu za darasani. Ni la kazi: tarehe, mahali, saa ulizotumia, ulichofanya, nani alisimamia. Usilidharau, utalitegemea mpaka hatua ya mwisho.
- Jalada moja la kompyuta, lenye nakala mahali pengine nje ya laptop. Laptop huibwa na flashi hupotea, hasa wiki ya kutuma maombi.
- Pasipoti hai. Wengi hukosa safari kwa sababu waliiomba baada ya kuitwa.
- Wadhamini watatu waliosoma maandishi yako: mhadhiri mmoja, msimamizi wa kazi mmoja, na mtu wa tatu wa upande wowote kati ya hizo mbili. Mkuu wa kitivo asiyekujua hakusaidii kitu.
- Akiba ya miezi mitatu ya chumba, chakula, nauli na bima ya afya. Nafasi nyingi za mafunzo katika Umoja wa Mataifa hazina malipo, na bima unatakiwa uwe nayo mwenyewe.

## Hatua ya 1: Chagua mlango mmoja

"Sheria za kimataifa" si kazi. Ni jengo lenye milango kadhaa, na kila mlango una bawabu anayeuliza swali lake.

Kuna mlango wa mahakama: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, zote zikiwa Arusha, na ICC kule The Hague. Hapo wanauliza kama unaweza kuchambua ushahidi na kuandika. Mlango wa wakimbizi, yaani UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na mashirika ya msaada wa kisheria, unauliza kama unaweza kumsikiliza mtu kwa saa tatu na kuandika alichosema bila kukipamba. Mlango wa ufuatiliaji wa haki za binadamu unauliza kuhusu uthibitisho. Mlango wa upatanishi na ujenzi wa amani unauliza kama watu waliogombana wanaweza kukaa chumba kimoja nawe.

Wapo pia mawakili wa serikali, wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu na wizara ya mambo ya nje. Wanafunzi huudharau mlango huu bila sababu. Mikataba hujadiliwa na serikali, na anayekaa upande wa serikali mezani huona namna neno moja linavyogombaniwa usiku kucha.

Kwa nini uchague mapema? Kwa sababu tabia za kazi hizi hupingana. Mwendesha mashtaka anatafuta nani alitenda nini. Mpatanishi anatafuta wahusika wataishije kesho, na mara nyingi mtu ambaye mwendesha mashtaka angependa kumfunga ndiye mpatanishi anayemhitaji mezani. Soma Mkataba wa Arusha wa Amani na Maridhiano ya Burundi, uliosainiwa tarehe 28 Agosti 2000, upatanishi ukiwa umeanzwa na Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake Oktoba 1999, kuendelezwa na Nelson Mandela. Angalia vifungu vya kinga ya muda na vya uchunguzi wa makosa ya zamani. Kama vifungu hivyo vinakukera, nenda mahakamani. Kama vinakufanya ujiulize vilipatikanaje, upatanishi ni wako.

Utajua umefaulu: unaweza kutaja kwa sentensi moja ofisi ya aina gani unailenga na kazi gani unataka kuifanya siku ya Jumatatu asubuhi.

## Hatua ya 2: Soma hukumu tano, kila moja kwa ukurasa mmoja

Vitabu vya kiada hukupa kanuni zikiwa zimeiva. Hukumu hukuonyesha zikipikwa. Anza na hizi tano, zote zinahusu eneo letu:

1. Akayesu, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, Arusha, 2 Septemba 1998. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na iliyotamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo.
2. Katabazi, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, 2007. Askari walizingira mahakama Kampala na kuwakamata tena watu waliopewa dhamana.
3. Lubanga, ICC, 14 Machi 2012. Watoto wa chini ya miaka 15 waliotumikishwa vitani Ituri, mashariki mwa Kongo.
4. Mtikila dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika, 14 Juni 2013. Mgombea binafsi.
5. Kongo dhidi ya Uganda, Mahakama ya Haki ya Kimataifa, hukumu ya 2005 na ile ya fidia ya 9 Februari 2022.

Ukurasa wako uwe na sehemu tano: ukweli (mistari mitano tu), mamlaka ya mahakama, swali, jibu na sababu zake, na kile usichokubaliana nacho. Sehemu ya mwisho ndiyo wanafunzi huiruka, na ndiyo itakayokupa mada ya hatua ya 3.

Chukua Mtikila kwa mfano. Wengi huandika "mahakama ilisema mgombea binafsi aruhusiwe" wakaishia hapo. Swali lenye nyama liko mapema zaidi, kwenye kumaliza njia za ndani za kutafuta haki. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuwa imesema mwaka 2010 kwamba suala hilo ni la kisiasa, liachiwe Bunge. Serikali ikahoji Arusha: mbona mlalamikaji hakusubiri mchakato wa Bunge? Mahakama ikajibu kwamba njia zinazotakiwa kumalizwa ni za kimahakama, na Bunge si mojawapo. Aliyeiona hoja hiyo ameanza kusoma kama wakili.

Hukumu ya fidia ya 2022 isome ukiwa na kalamu nyekundu. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11 na ikapewa dola milioni 325. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ushahidi: orodha zisizo na majina, fomu zisizo na tarehe, hesabu zisizoeleza zimepatikanaje. Ukimaliza kuisoma utaelewa kwa nini mwongozo huu unang'ang'ania daftari.

Tahadhari: hakiki hali ya sasa kabla ya kumshauri mtu yeyote. Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kufungua kesi moja kwa moja Mahakama ya Afrika, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Burundi ilijitoa ICC mwaka 2017. Mwanafunzi anayeandika kana kwamba milango hiyo bado iko wazi anajulikana hapo hapo kwamba amesoma nukuu za zamani.

## Hatua ya 3: Andika sampuli moja nzuri

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo. Unachohitaji ni memo moja ya kisheria, maneno 2,000 hadi 2,500, uliyoiandika mwenyewe. Tenga wiki sita.

Wiki ya 1: swali. Liwe dogo kiasi cha kuchosha. "Haki za wakimbizi Afrika" ni maktaba nzima. "Je, ukomo wa miezi miwili wa kufungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki huanza upya kila siku pale ukiukwaji unapoendelea?" ni memo. Jibu lipo: Kitengo cha Rufaa kilikataa hoja hiyo mwaka 2012, katika shauri dhidi ya Kenya kuhusu ukatili wa Mlima Elgon. Kazi yako ni kueleza kwa nini kilikataa, kama kilikuwa sahihi, na mteja mwenye ndugu aliyetoweka miezi mitano iliyopita afanye nini.

Wiki ya 2 na 3: vyanzo. Fuata mpangilio wa ibara ya 38: mkataba kwanza, desturi, kanuni za jumla, kisha hukumu na wasomi. Hifadhidata ya sheria ya ICC, kumbukumbu za kesi za Rwanda zinazotunzwa na Taasisi iliyorithi mahakama ile pale Lakilaki, Arusha, na mihadhara ya video ya maktaba ya sheria ya Umoja wa Mataifa, vyote ni bure.

Wiki ya 4: rasimu. Swali, jibu fupi, ukweli, uchambuzi, ushauri. Jibu fupi likae ukurasa wa kwanza. Msimamizi anayesoma memo ishirini kwa siku hatafuti mshangao kwenye ukurasa wa tisa.

Wiki ya 5: ukatili. Futa kila sentensi ambayo ingeweza kukaa kwenye memo ya mtu mwingine yeyote. Linganisha:

*"Ni dhahiri kwamba haki za binadamu ni muhimu sana na zinapaswa kulindwa na kila mtu."*

*"Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa miezi miwili tangu kitendo kilalamikiwe au tangu mlalamikaji alipokifahamu. Ndugu wa mteja alichukuliwa tarehe 3 Machi. Mteja aliambiwa tarehe 9 Machi. Kwa hesabu ya pili, muda uliisha tarehe 9 Mei."*

Sentensi ya kwanza haina kosa, ila haina kazi. Ya pili inampa mteja tarehe. (Na ukiirudia kwa makini utaona ina neno moja lisilo sahihi: ibara inahesabu tangu kitendo *kitendeke*, si tangu kilalamikiwe. Makosa ya namna hii ndiyo wiki ya tano inapaswa kuyakamata.)

Wiki ya 6: msomaji wa nje. Mpe mwanasheria asiyeshughulika na sheria za kimataifa, tuseme wakili wa ardhi. Asome ukurasa wa kwanza tu.

Kinachoharibu: kuanza na historia tangu Westphalia (mikataba ya amani ya Ulaya ya 1648), kunukuu hukumu kupitia kitabu bila kuifungua yenyewe, kuficha hoja ya upande wa pili, na kumwachia programu ya kompyuta ikuandikie. Hilo la mwisho hugunduliwa kwenye usaili, unapoulizwa kwa nini umetumia aya ya 54 na si ya 53.

Utajua umefaulu: yule wakili wa ardhi anakurudishia swali na jibu kwa maneno yake, bila kukuuliza ulimaanisha nini.

## Hatua ya 4: Mahakama ya kuigiza

Mashindano matatu yanafaa. Jessup, ya sheria za kimataifa kwa jumla, ina timu za watu wawili hadi watano, tatizo lake hutoka mapema mwaka wa masomo, na hatua ya mwisho hufanyika Washington. Mashindano ya Afrika ya Haki za Binadamu, yanayoandaliwa na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992, huchukua wanafunzi wawili wawili kwa kila chuo. Ya tatu ni yale ya sheria za kivita ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu.

Kufika fainali ni bahati na nauli. Faida ya kweli ni kuandika hoja kwa pande zote mbili. Fanyeni zoezi hili mara mbili kwa wiki: mzungumzaji dakika 15, "majaji" wawili, maswali kumi ya kumkatiza. Anayesoma karatasi huzama swali la pili. Chuo chenu kikiwa hakina timu, watafuteni wengine watatu na mhadhiri mmoja. Tatizo la mwaka uliopita lipo mtandaoni na halihitaji ada.

## Hatua ya 5: Nenda kwa watu

Bila hatua hii, huna cha kusema kwenye usaili. Na si lazima ufike Goma.

Baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021, mabaraza ya kata Tanzania hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanapatanisha. Omba kwa barua kukaa kwenye vikao kumi ukiwa kimya. Utaona jinsi mzee anavyoacha ukimya ufanye kazi, na jinsi mgogoro wa mpaka wa shamba unavyokuwa, mwishowe, wa mahari ya miaka kumi na miwili iliyopita. Kenya, tafuta kamati ya amani ya kaunti. Mfano unaofundishwa kote duniani ulianzia Wajir mwaka 1993, wanawake walipoanza kulinda soko lisigawanywe kwa koo. Mmoja wao, Dekha Ibrahim Abdi, alipata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

Msaada wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu Tanzania, Kituo cha Sheria Kenya, Refugee Law Project ya Makerere, au kliniki ya chuo chako. Omba miezi mitatu, si wiki mbili. Wiki mbili za kwanza hufundishwi; unachunguzwa.

Kambini. Nyarugusu, Kakuma na Dadaab si sehemu za kutembelea kwa hisani. Tanzania unahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na ni shirika linalokupokea ndilo linalokuombea. Anza kufuatilia angalau miezi miwili kabla.

Ukishakuwa mbele ya mtu, andika kwa safu tatu: aliloona mwenyewe, alilosikia, anachodhani. Hivi:

> *Aliona:* lori jeupe, watu sita nyuma, saa za jioni kabla ya magharibi.
> *Alisikia:* kwa shemeji yake, kwamba lilielekea mtoni.
> *Anadhani:* walikuwa askari, "kwa sababu ya viatu."

Safu ya tatu usiitupe wala usiipandishe kwenda ya kwanza. Hicho kiatu kinaweza kuwa na thamani baadaye, lakini kwa jina lake halisi: dhana.

Kuhusu lugha, usijidanganye kwamba Kiswahili ni kimoja. Mkongomani wa Bukavu akisema "bibi yangu alikuwa ndani", mara nyingi anamtaja mkewe. Mtu wa Tanga ataandika mama wa mzazi wake. Umebadilisha shahidi kwa neno moja. Katika hukumu ya Akayesu majaji walilazimika kueleza maneno ya Kinyarwanda yaliyotumiwa na mashahidi, *kuryamana* na *gufata ku ngufu* yakiwemo, na kwa nini yote yalitafsiriwa kuwa ubakaji. Nasi tuna "alilala naye", "alinifanyia tabia mbaya", "alinimaliza". Uliza kwa upole, "Unaposema hivyo, unamaanisha nini?", kisha andika neno lake na maelezo yake, vyote viwili.

Tahadhari kubwa: usikusanye simulizi za ukatili wa kingono wala za watoto bila mafunzo na bila msimamizi. Usimrekodi mtu bila ridhaa, usitunze majina yao kwenye simu yako, usiahidi msaada usioweza kuutoa. Mtu akihojiwa mara nne na watu wanne, simulizi zake nne zitatofautiana kidogo, na wakili wa mshtakiwa atazipanga mezani moja moja. Shauku yako inaweza kuua kesi yake.

Utajua umefaulu: daftari lina angalau saa 200 zilizosainiwa na msimamizi, na una matukio matatu unayoweza kuyaeleza bila kumtaja mtu yeyote.

## Hatua ya 6: Kifaransa

Kiswahili unacho, na kina bei: ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, na mashahidi wengi wa kesi za Ituri walikitumia mbele ya ICC. Lakini faili za Kongo na Burundi zimeandikwa Kifaransa. Lenga kiwango cha B2 (cha kuweza kufanya kazi kwa lugha hiyo) na ufanye mtihani wa DELF, unaotoa cheti cha Kifaransa. "Najua Kifaransa kidogo" haisomeki popote. Kutoka sifuri, hesabu takriban saa 600. Saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 80. Ukianza mwaka wa pili, unamaliza kabla ya kuhitimu.

## Hatua ya 7: Usiruke uwakili

Kuna kishawishi cha kukwepa Shule ya Sheria kwa sababu wengi hufeli. Usikikubali. Tanzania ni Law School of Tanzania, Kenya ni Kenya School of Law pamoja na miezi sita chini ya wakili, Uganda ni Law Development Centre (LDC). Ofisi za kimataifa huheshimu leseni kuliko mapenzi, na ICC haimwingizi wakili kwenye orodha yake ya watetezi bila uzoefu wa miaka kumi. Miaka hiyo haianzi kuhesabiwa hadi uanze kazi.

## Hatua ya 8: Tuma maombi

Wapi kwanza. Mahakama mbili za Arusha na mashirika ya msaada wa kisheria ya nchini ndizo ngazi ya chini iliyo imara. Mafunzo ya Umoja wa Mataifa, ikiwemo ofisi za Gigiri, Nairobi, huchukua walio mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, wanaosoma ya juu zaidi, au waliohitimu ndani ya mwaka mmoja. Ukipitisha mwaka huo, mlango umefungwa, kwa hiyo weka alama kwenye kalenda siku ya mahafali. Kujitolea kupitia UNV, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, kuna kundi la vijana wa miaka 18 hadi 26, nalo hulipa posho ya kuishi. ICC ina nafasi chache zenye ufadhili kwa raia wa nchi zinazoendelea zilizo wanachama wake. Isome kila tangazo mpaka mwisho kabla ya kukata tamaa ya nauli.

Wasifu. Kurasa mbili. Vyeti vya semina vyote vikae mstari mmoja. Badilisha hivi:

*Kabla: "Nilishiriki katika kutoa msaada wa kisheria kwa jamii."*
*Baada: "Niliandika hati 14 za kiapo kwa Kiswahili na Kiingereza chini ya wakili, kwa mashauri ya mirathi na talaka, saa 212, Februari–Mei."*

Namba hizo zinatoka kwenye daftari. Asiyekuwa nalo hubuni, na anayebuni hukwama akiulizwa ipi kati ya zile 14 ilimpa shida.

Barua. Aya nne: kazi gani naomba, kitu kimoja nilichofanya kinachofanana nayo, kwa nini ofisi hii na si ya jirani, lini napatikana. Neno "ndoto" lisionekane.

Mafunzo ya usalama. Fanya BSAFE ya Umoja wa Mataifa kabla hujaombwa. Ni ya mtandaoni, bure, huchukua saa chache.

Usaili. Maswali huanza na "tueleze wakati ambapo…". Jibu kwa mpangilio huu: hali, ulichofanya *wewe*, matokeo, ulichojifunza. Dakika tatu. Kosa la kwetu ni "sisi tulifanya". Adabu nzuri nyumbani, lakini msaili anaandika alama za mtu mmoja.

Matapeli: Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote kwa ajira, si ya fomu, si ya "mafunzo ya awali", si ya kipimo cha afya kupitia wakala. Tangazo lililokufikia kwenye kundi la WhatsApp litafute upya kwenye tovuti rasmi. Usipoliona huko, halipo.

## Hatua ya 9: Shahada ya uzamili, baada ya kazi

Kwa nafasi nyingi za kuanzia za kitaaluma Umoja wa Mataifa huomba shahada ya uzamili na miaka miwili ya uzoefu, au ya kwanza na miaka zaidi. Wengi hukimbilia uzamili mara tu baada ya LLB, wakarudi na shahada mbili na sifuri ya uzoefu. Fanya kazi kwanza.

Mahali pa kuangalia: programu ya haki za binadamu na demokrasia ya Pretoria, Kituo cha Tanzania na Ujerumani cha sheria za Afrika Mashariki pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Leiden, Essex, na Geneva Academy. Hakikisha ufadhili upo mwaka huo kabla ya kulipa ada ya maombi popote.

Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka saa 2,800 za kazi, na huhesabu pia kazi ya kujitolea. Saa 35 kwa wiki ni wiki 80. Kabla ya kuhesabu zile ulizosainiwa kliniki na kwenye msaada wa kisheria, soma masharti ya mwaka huo, na ziwe na tarehe na jina la msimamizi. Fungua daftari, jumlisha safu ya saa kila mwisho wa mwezi, na uandike jumla kwa wino chini ya ukurasa.